Macho ya Njiwa wa Mashindano: Namna ya Kutambua Tatizo na Kulitibu

Njiwa akianza kutokwa machozi, wafugaji wengi hufikia chupa ya dawa kabla ya kumfikia njiwa mwenyewe. Jicho linatiwa matone yoyote yaliyopo, kundi zima linawekewa antibayotiki kwenye maji, na baada ya wiki jicho limepona au limeharibika, wala hakuna anayeweza kusema kwa nini. Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Kabla ya dawa yoyote kuna maswali matatu ya kujibu. Ni jicho moja au yote mawili? Ni njiwa mmoja au kadhaa? Na konea, yaani ule utando angavu ulio mbele ya jicho kama kioo cha saa, bado iko safi au imeingia ukungu? Mfugaji mwenye majibu hayo ameshapunguza orodha ya magonjwa hadi mawili au matatu.

Jicho la njiwa wa mashindano si la kufanyia majaribio. Mwaka 1972 watafiti Schmidt-Koenig na Schlichte walichapisha jaribio ambalo njiwa walivishwa lenzi zenye ukungu kisha wakaachiliwa mbali na banda. Baadhi yao walirejea hadi karibu na nyumbani, ila wakashindwa kulipata banda lenyewe. Kwa maneno mengine, dira ya njiwa haiko machoni peke yake, lakini mwisho wa safari, pamoja na kukwepa nyaya, miti na mwewe njiani, vyote vinategemea macho.

Kwanza, lijue jicho zima

Chukua njiwa ambaye una uhakika ni mzima na umwangalie kwa utulivu. Jicho lake ni duara, linang'aa, na kope zimelikumbatia bila kuvimba. Ngozi isiyo na manyoya inayolizunguka ni kavu na safi, na manyoya ya shavuni yamelala vizuri. Pembeni hakuna tongotongo wala povu.

Njiwa ana kope la tatu, utando mwembamba unaotokea upande wa mdomo na kupita juu ya jicho kwenda nyuma. Kwa kawaida hupita na kurudi upesi mno. Ukiona utando huo umebaki umefunika sehemu ya jicho, ama jicho linauma ama mwili mzima umedhoofika.

Rangi ya jicho isikusumbue sana. Njiwa wengi wakubwa wana macho ya rangi ya chungwa au meupe kama lulu, na njiwa wengi wenye manyoya meupe wana macho meusi. Makinda huanza na macho ya kijivu au kahawia, na rangi ya kudumu huingia miezi ya mwanzo ya maisha. Linalohitaji kuchunguzwa ni badiliko: njiwa mkubwa ambaye jicho lake moja limefifia au kugeuka rangi ilhali lingine liko vilevile. Wapo wanaozaliwa na macho ya rangi mbili tofauti, hasa wenye mabaka, kwa hiyo andika rangi ya macho kwenye daftari pamoja na namba ya pete ili usije ukababaika baadaye.

Wafugaji wengi wana kile kioo cha kukuzia cha mara 10 wanachokitumia kusoma duara za jicho ili kubashiri nani atashinda. Sijaona ushahidi wa kunishawishi kwamba duara hizo zinatabiri ushindi. Kioo chenyewe, hata hivyo, ni chombo kizuri sana cha kutafuta mkwaruzo kwenye konea, na kazi hiyo ndiyo ningependa kifanye.

Hatua ya 1: Mtazame kabla ya kumshika

Ingia bandani asubuhi kabla hujaweka chakula, simama kimya dakika chache. Njiwa aliyeshikwa hufungua macho yote mawili kwa woga, na dalili nyingi hujificha hapo hapo.

Sehemu ya kwanza ya kutazama, ajabu, si jicho. Ni manyoya ya begani. Njiwa mwenye jicho linalowasha hulifuta begani mara kwa mara, na manyoya ya upande huo hulowa, hugandamana na kuchafuka. Bega chafu la upande mmoja huonekana mapema, wakati mwingine kabla jicho lenyewe halijavimba. Angalia pia ile ngozi nyeupe iliyo juu ya mdomo: kwa njiwa mzima ni nyeupe kama chokaa, na ikigeuka kijivu na kuwa na unyevu, tatizo limehusisha njia ya hewa pamoja na jicho.

Jicho moja lililofumbwa si lazima liwe gonjwa. Njiwa anaweza kusinzia huku amefumba jicho moja na kuacha lingine wazi, akiendelea kulinda. Piga hatua moja kumwelekea. Mzima atafungua macho yote mawili mara moja, ila mwenye maumivu ataendelea kulifumba lile moja, au atalifungua nusu.

Wakati wa kula, angalia anayeinamisha kichwa upande mmoja kila anapotaka kudonoa. Huyo huenda haoni vizuri jicho moja. Lakini anayedonoa na kukosa punje, au kuirusha nyuma, huku macho yake ni safi na kinyesi chake ni maji matupu, mshuku kwa ugonjwa wa paramiksovirusi, ambao ni ndugu wa kideri. Huo hushambulia neva na baadaye shingo huweza kupinda. Dawa ya macho haitamsaidia.

Hatua ya 2: Mkague mkononi

Mshike kwa namna ya kawaida: miguu katikati ya kidole cha shahada na cha kati, kidole gumba juu ya ncha za mabawa, kifua kikielekea kwako. Uwe na tochi ndogo, kioo cha kukuzia, pamba au shashi safi, na mwanga wa kutosha. Anza na jicho zima kisha lile bovu, usije ukahamisha vimelea kwa vidole vyako.

Angalia kope za nje kama kuna uvimbe, kigaga, jeraha, au chawa na utitiri. Kisha vuta kope la chini taratibu kwa kidole. Ngozi ya ndani inapaswa kuwa na waridi hafifu. Ikiwa nyekundu sana na imevimba hadi kutoka nje kama mto, huo ni uvimbe wa utando wa jicho. Hapo hapo tafuta kapi la nafaka, uzi wa nyasi au kipande cha unyoya. Vitu hivi hupenda kujificha nyuma ya kope la tatu, kwa hiyo usiseme hakuna kitu mpaka umeangalia pembe ile ya upande wa mdomo.

Aina ya majimaji inasema mengi. Maji maangavu huelekeza kwenye mkwaruzo, vumbi, hewa chafu au mwanzo wa maambukizi. Povu dogo kwenye pembe ya jicho huonekana sana pale ambapo njia ya hewa nayo imeambukizwa. Tongotongo zito la njano ni dalili ya bakteria. Uchafu mgumu mweupe kama jibini uliojazana chini ya kope unakuelekeza kwenye upungufu wa vitamini A, ndui, au ugonjwa wa trikomona uliopanda kutoka kinywani. Kwa hiyo fungua mdomo pia. Utando wa njano kooni unabadilisha utambuzi wote.

Sasa konea. Mulika tochi kwa upande, si moja kwa moja, na utazame mng'ao unavyopita juu ya jicho. Kwenye konea nzima mng'ao ni laini na haukatiki. Palipo na mkwaruzo au kidonda, mng'ao huvunjika hapo, au utaona doa la samawati au jeupe. Wengi huita kila weupe wa jicho mtoto wa jicho, na hapo ndipo makosa yanapoanza. Mtoto wa jicho uko ndani, nyuma ya mboni: ukimtazama njiwa kwa ubavu, sehemu ya mbele ya jicho ni angavu na weupe uko ndani ya lile tundu jeusi. Chamba cha konea, yaani weupe wa konea yenyewe, kiko juu kabisa na kinafunika hata sehemu yenye rangi. Mtoto wa jicho hausumbui kwa haraka na hauna matone ya kuuondoa. Konea yenye ukungu na jicho lililofumbwa ni jambo la kumfikisha kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Malizia na mboni. Funika jicho moja kwa kidole, mulika lingine, uone kama mboni inabana. Kisha badilisha. Kwa binadamu ukimulika jicho moja, mboni zote mbili hubana pamoja. Kwa njiwa kila jicho hupimwa peke yake, maana neva za macho yake hupishana zote kwenda upande wa pili wa ubongo. Usishangae mboni ikibana na kupanuka yenyewe bila tochi, kwa kuwa misuli yake ni ya hiari na msisimko tu unatosha kuibadilisha. Isiyobadilika kabisa kwa mwanga wala kwa woga ndiyo ya kutia shaka.

Hatua ya 3: Yasome majibu

*Jicho moja, njiwa mmoja.* Anza na jeraha. Njiwa dume wanaogombea nafasi ya kulala hudonoana usoni, waya uliochomoza bandani huchana kope, na kwenye tenga la safari lililosongamana ncha ya unyoya wa jirani inatosha kukwaruza konea. Kwa jike au dume aliyerudi amechelewa, tafuta pia alama za kucha za mwewe kichwani na mgongoni. Jeraha likiwa kwenye kope tu, matumaini ni makubwa. Likiwa kwenye konea, kila saa ina thamani.

Lakini jicho moja kwa njiwa mmoja laweza pia kuwa salmonela. Bakteria hao wakiingia kwenye damu wanaweza kutua ndani ya jicho na kulijaza usaha kutoka ndani, bila machozi mengi nje. Mguse viungo vya bawa. Uvimbe kwenye kiwiko, bawa linaloning'inia, kukonda na kinyesi cha kijani vikifuatana na jicho lililojaa ukungu wa ndani, chukua sampuli ya kinyesi ikapimwe, maana hapo mgonjwa ni kundi zima ingawa anayeonekana ni mmoja.

*Jicho moja, njiwa kadhaa.* Huyu wa kushoto, yule wa kulia, na kila mmoja ana bega moja chafu. Picha hii huchosha wafugaji kila msimu, na mara nyingi waliomo nyuma yake ni bakteria wa klamidia au mikoplasma, wakati mwingine pamoja na virusi vya hapisi vya njiwa. Vimelea hivi huweza kukaa mwilini bila fujo mpaka njiwa achoke: baada ya mbio ngumu, wakati wa kulea, au banda likijaa kupita kiasi. Kundi huonekana zima nyumbani, ila matokeo ya mashindano yanashuka bila sababu, na jicho linalochuruzika ndiyo dalili pekee ya nje.

Klamidia ya njiwa huambukiza binadamu, ikileta homa, maumivu ya kichwa, kikohozi kikavu na hata nimonia. Vaa barakoa inayobana usoni na glavu, nawa mikono, na ukipata homa wakati njiwa wako wanaumwa macho, mwambie daktari wako kwamba unafuga njiwa. Asipoambiwa, hatafikiria kukupima.

*Macho yote mawili, njiwa wengi.* Piga magoti bandani na uweke pua yako kwenye kimo cha njiwa aliyelala chini kabisa. Kama macho yako yanawasha, umeshapata jibu. Amonia inayotoka kwenye kinyesi chenye unyevu huunguza utando wa jicho na konea, na mfugaji anayesimama wima huwa hasikii kiasi wanachovuta njiwa usiku kucha. Vumbi la nafaka, maranda makavu na moshi hufanya kazi hiyo hiyo. Pakiwa safi na macho yakaendelea, rudi kwenye maambukizi ya njia ya hewa.

*Vigaga kwenye kope na pembeni mwa mdomo.* Hiyo ni ndui ya njiwa, inayoenezwa hasa na mbu na wadudu wengine wanaouma. Huanza kama vipele vidogo, vinakuwa vigaga vya kahawia, kisha hudondoka vyenyewe baada ya wiki tatu au nne hivi. Ni virusi, kwa hiyo antibayotiki haiviui. Usibandue kigaga: utaacha kidonda kinachovuja damu, utasambaza virusi, na kope linaweza kupona likiwa limepinda. Kazi yako ni kuweka jicho safi na kuzuia bakteria wasiingie. Tazama koo kila siku, kwa sababu ndui ikiota ndani ya kinywa njiwa hufa kwa njaa au kukosa hewa.

*Kope zilizovimba, uchafu mgumu, njiwa waliolishwa nafaka tupu.* Vitamini A ndiyo hulinda utando wa macho na wa njia ya hewa, na nafaka nyingi hazina ya kutosha. Mahindi ya njano yana malighafi yake, meupe hayana. Majani mabichi na karoti iliyokunwa husaidia. Vitamini hii hukaa mwilini, hivyo kumlundikia njiwa dozi kubwa ni sumu. Fuata kipimo kwenye pakiti na usichanganye bidhaa tatu zenye vitamini hiyo hiyo.

Kwenye maeneo ya joto, ongeza minyoo ya macho kwenye orodha. Ni nyuzi nyeupe za sentimita 1 hadi 2 zinazojificha chini ya kope la tatu, na mende ndiye huwabeba mabuu wake. Huonekana zaidi kwa kuku, lakini njiwa naye huweza kuwapata. Daktari huwatoa kwa kibano jicho likiwa limetiwa ganzi. Usijaribu mwenyewe.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza ya matibabu

Mtenge mgonjwa. Kizimba kikavu chenye kivuli, chakula na maji vikiwa karibu na upande wa jicho linaloona. Chombo chake cha maji kisirudi bandani, kwa sababu wagonjwa hunywa huku wakitumbukiza uso, na chombo cha pamoja ndicho kinachosafirisha ugonjwa kwa wepesi kuliko kingine chochote.

Safisha jicho kwa maji ya chumvi. Chemsha maji, yapoe, kisha weka gramu 9 za chumvi kwa lita 1. Kwa nusu lita ni gramu 4.5, yaani pungufu kidogo ya kijiko cha chai kilichosawazishwa. Yakizidi chumvi yatachoma. Tengeneza mapya kila siku. Lowesha shashi, iweke juu ya jicho dakika moja au mbili mpaka tongotongo lilainike, kisha futa kutoka pembe ya mdomo kwenda nje. Kila pasi shashi mpya. Uchafu mgumu usiukwangue. Rudia kuulainisha baada ya saa chache.

Kapi au vumbi lililolala juu tu, lisukume kwa maji ya chumvi ukitumia bomba la sindano lisilo na sindano, maji yakitiririka kutoka kando. Kilichochoma ndani ya konea kiache hapo hapo kilipo mpaka kwa daktari. Ukikichomoa, maji ya ndani ya jicho yanaweza kumwagika.

Sasa dawa. Kwa uvimbe wa kawaida usio na kidonda, matone au mafuta ya macho ya antibayotiki ndiyo yanayotumika. Tetrasaiklini ina maana zaidi pale klamidia au mikoplasma inaposhukiwa, na jentamaisini au siprofloksasini kwa bakteria wengine. Kloramfenikoli nayo inatumika, lakini vaa glavu, na katika nchi nyingi hairuhusiwi kwa wanyama wanaoliwa. Mafuta hukaa muda mrefu ila hugandamanisha manyoya ya shavuni, kwa hiyo mimi hupendelea matone mchana na mafuta kidogo sana, kama punje ya mchele, usiku.

Kutia tone kuna namna yake. Mfunge njiwa kwenye taulo, geuza kichwa jicho liwe juu, vuta kope la chini, dondosha tone moja bila ncha ya chupa kugusa jicho, kisha mshikilie hivyo hadi apepese mara kadhaa. Tone la pili ni kupoteza dawa, kwani jicho halina nafasi yake. Ukiwa na dawa mbili tofauti, subiri dakika 5 kati yake. Matone hutiwa mara 3 au 4 kwa siku, kwa siku 5 hadi 7, na uendelee siku mbili baada ya jicho kuonekana safi.

Dawa isiyoruhusiwa kugusa jicho bila daktari

Soma kibandiko. Majina kama deksamethasoni, predinisoloni, betamethasoni na haidrokotisoni ni kotikosteroidi, na mara nyingi huchanganywa na antibayotiki ndani ya chupa moja. Huondoa wekundu kwa muda mfupi, ndiyo maana hupendwa. Konea ikiwa na kidonda, hata kidogo ambacho hukukiona, kotikosteroidi huzuia kupona na jicho laweza kutoboka. Ndege pia ni wepesi sana kuathiriwa na dawa hizi: tone la jicho huingia mwilini, kinga hushuka, na fangasi wa mapafu hupata mwanya. Juu ya hayo, vyama vya mashindano katika nchi nyingi vimezikataza kwa sababu huchelewesha kunyonyoka kwa manyoya, na njiwa aliyepimwa akakutwa nazo hana utetezi wa "nilikuwa namtibu jicho".

Daktari hutambua kidonda cha konea kwa rangi ya fluoresini: tone moja, suuza, mulika mwanga wa samawati, na palipochubuka panang'aa kijani. Kipimo hicho huchukua dakika chache. Kabla hakijafanyika, chupa yenye kotikosteroidi ibaki kabatini.

Asali, maji ya majani ya chai, ndimu, maziwa na matone ya kuondoa wekundu wa macho ya watu navyo viache.

Hatua ya 5: Baada ya saa 48

Siku ya pili ndiyo ya uamuzi. Jicho linapaswa kuwa wazi zaidi, maji yamepungua, uvimbe umeshuka. Likiwa hivyo, maliza dozi. Kama halijabadilika, usibadilishe chupa kwa kubahatisha. Ama utambuzi wako haukuwa sahihi, ama tatizo liko mwilini na jicho ni dirisha lake tu. Mwite daktari wa mifugo, na mwombe achukue kipimo cha pamba kutoka kwenye jicho, kooni na kwenye tundu la kinyesi kabla ya antibayotiki mpya. Kipimo cha vinasaba cha klamidia hupata jibu kwa urahisi zaidi kabla dawa haijaanza.

Kutibu kundi

Njiwa kadhaa wakiumwa, matone peke yake hayatoshi. Kwa klamidia dawa ya kwanza ni doksisaiklini, na kosa kubwa ni kuiacha mapema: siku tatu au nne hukausha machozi bila kumaliza vimelea, na mbio ngumu inayofuata huwaamsha tena. Muda wa dozi hupangwa na daktari na huhesabiwa kwa wiki. Siku zote za dozi hiyo ondoa changarawe, maganda ya chaza na mchanganyiko wowote wa madini, kwa sababu kalsiamu na magnesiamu hushikana na doksisaiklini tumboni na dawa hupita bure. Tumia chombo cha plastiki au cha udongo uliopakwa rangi ya kioo badala ya bati, badilisha maji kila siku, kiweke mbali na jua, na usiwaache na maji mengine ya kunywa au kuoga.

Changarawe zikiondolewa kwa muda mrefu, jike anayetaga ataathirika. Panga matibabu kabla ya msimu wa kuzaliana pale inapowezekana. Kwa mikoplasma daktari anaweza kuchagua tailosini au tiamulini. Enrofloksasini ina nguvu, ila huweza kudhuru gegedu za viungo vya makinda wanaokua, kwa hiyo usiwape wazazi wanaolisha bila ushauri.

Wale wanaotia antibayotiki kila mwezi "kwa usalama" wanajitengenezea vimelea sugu pamoja na fangasi wa kooni na tumboni. Siungi mkono hilo hata kidogo.

Banda ndilo dawa ya nusu ya haya yote

Lowesha kinyesi kwa dawa ya kuua vimelea kabla ya kukwangua. Kinyesi kikavu hurusha vumbi, na klamidia huweza kuishi humo kwa miezi. Dawa ya kufulia yenye klorini, sehemu 1 kwa sehemu 32 za maji, inafaa kwenye sehemu iliyokwisha kusafishwa, lakini njiwa watoke nje kwanza na warudi pakiwa pamekauka na harufu imeisha. Klorini nayo huunguza macho.

Hewa iingie chini na kutokea juu, bila upepo kupiga moja kwa moja wanapolala. Punguza idadi. Kila njiwa awe na sehemu yake ya kulala, na ugomvi wa kudonoana usoni utapungua pasipo dawa yoyote. Pepeta nafaka. Njiwa mgeni, wa kununua au aliyepotea njia akatua kwako, akae peke yake siku 30. Chanjo ya ndui hutolewa kwa kupaka kwenye vitundu vya manyoya yaliyong'olewa mguuni, kwa njiwa wenye afya tu, wiki kadhaa kabla ya mashindano. Vipele vidogo vikitokea hapo mahali baada ya siku 7 hadi 10, chanjo imeshika.

Kumrudisha angani

Jicho likishapona, mpe muda. Kwa jeraha dogo la kope, jicho likiwa safi wiki moja bila dawa, aanze kuruka nyumbani. Aliyekuwa na maambukizi ya njia ya hewa namwachia wiki mbili za jicho kavu, kisha mazoezi mafupi, na naangalia anavyopumua baada ya kutua: mdomo ukibaki wazi muda mrefu huku wenzake wamekwisha tulia, bado hajapona. Usimpakie kwenye tenga la pamoja akiwa na jicho lenye maji. Humo ndani atawaambukiza njiwa wa wafugaji wengine, na baadhi ya vyama vitamkataa kwenye meza ya usajili, kwa haki kabisa.

Kidonda cha konea kikiacha kovu dogo pembeni, njiwa anaweza kuendelea kushindana. Kovu likifunika mboni, huyo ni chongo kwa upande huo hata kama jicho halimuumi. Macho ya njiwa yako ubavuni, hivyo akipoteza moja anapoteza karibu upande mzima wa dunia, na mwewe hatamwonea huruma. Msimamishe mbio. Mweke kwenye chumba kisicho na vurugu, fito za kulalia zishushwe, na kila unapomwendea pitia upande anaoona huku ukitoa sauti. Kama jicho lilipotea kwa jeraha, anafaa kabisa kuzalisha, kwani jeraha halirithiwi. Lililopotea kwa salmonela ni habari nyingine: bakteria hao hupita hadi kwenye yai, na njiwa aliyepona kwa macho anaweza kuendelea kuwatoa kwenye kinyesi kwa vipindi. Huyo asiwekwe na jike wala dume mpaka vipimo vya kinyesi vilivyorudiwa vitoke safi.